Nyigu wa Paraguay na Muhogo wa Mocímboa da Praia

Mazungumzo kwa ajili ya askari wa majeshi ya ulinzi na polisi

Tarehe 8 Agosti, 2021, mji wa Mocímboa da Praia, ulioko pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ulirudi mikononi mwa serikali baada ya kukaliwa na waasi kwa karibu mwaka mzima. Huo ndio mji ambao vituo vyake vya polisi vilishambuliwa usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba, 2017, na vita vya Cabo Delgado vikaanzia hapo. Habari ya kukombolewa kwake ilitangazwa dunia nzima, na askari wa Msumbiji na wa Rwanda walioifanya kazi hiyo walistahili kutajwa. Kazi iliyofuata haikutangazwa kwa kishindo. Watu walioanza kurejea walikuta nyumba zisizo na mapaa na mashamba yaliyogeuka vichaka. Mkulima wa pwani ile, awe Mmwani au Mmakonde, akirudi katika hali kama hiyo hana budi kutafuta kitu kimoja kabla ya bati na matofali. Kitu hicho ni vijiti vya muhogo vya kupanda.

Askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani anaweza kudhani kwamba jambo hili ni la bwana shamba, wala halimhusu. Sivyo. Familia isiyokuwa na chakula ardhini haikai. Itarudi kambini Pemba au Montepuez ilikokimbilia, na kijiji kisicho na watu ni kijiji kisicho na macho. Doria inayopita kwenye mashamba yanayolimwa hupata salamu na hupata habari. Inayopita vichakani haipati hata kimoja. Wapiganaji wa FRELIMO walioanza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba, 1964, kule Chai, kusini ya Mocímboa da Praia, walilijua jambo hilo vizuri. Bunduki zilitoka mbali, lakini chakula kilitoka kwa wanavijiji, na sehemu kubwa ya chakula hicho ilikuwa muhogo.

Muhogo wenyewe si mwenyeji wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaingia kwanza upande wa Kongo, na baadaye ukaenea hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Ulipovuka bahari uliwaacha nyuma karibu maadui zake wote, na kwa karne kadhaa ukastawi kama mtu aliyehamia mtaa asikodaiwa. Ni zao la mtu mwenye shida. Huvumilia mchanga na jua, huweza kukaa ardhini mwaka na zaidi ukimsubiri mwenyewe, na adui hawezi kuuchoma moto wote kwa siku moja kama anavyoweza kuchoma ghala la mahindi. Majani yake, ambayo Tanzania huitwa kisamvu na Msumbiji matapa, ni mboga. Mizizi yake huanikwa ikawa makopa. Kwa Kireno cha Msumbiji shamba huitwa machamba, neno linalofanana mno na la pwani hii, na kwenye machamba za kaskazini neno hilo karibu lina maana moja na muhogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ile amani ya muhogo iliisha. Wakulima wa karibu na Kinshasa na Brazzaville waliona ncha za mihogo yao zikijikunja na kukusanyika kama ngumi, pingili zikawa fupi, majani yakapukutika, na juu ya ncha hizo pakaonekana kitu cheupe mithili ya unga. Unga huo ulikuwa wadudu. Mwaka 1977 mtaalam wa Ufaransa, Danièle Matile-Ferrero, alimpa mdudu huyo jina la kisayansi, Phenacoccus manihoti. Mabwana shamba humwita kidung'ata wa muhogo. Hufyonza maji ya mmea na kuutia sumu inayoudumaza. Wote ni majike, hawahitaji dume ili wazae, na jike mmoja hutaga mayai mamia. Hivyo kidung'ata mmoja aliyepanda juu ya kijiti kimoja, kijiti kikapanda juu ya lori moja, anatosha kuanzisha taifa zima mahali papya. Pale alipozidi, mavuno yalipungua hadi kwa asilimia 80.

Alikwenda kwa upepo na kwa mizigo ya watu. Katika miaka 15 hivi alikuwa ameshika sehemu kubwa ya nchi zilimazo muhogo barani Afrika. Katikati ya miaka ya 1980 alifika mwambao wa Ziwa Nyasa, na kabla ya muongo huo kwisha alikuwa Tanzania na Msumbiji pia. Msumbiji ilikuwa vitani wakati ule, vita vilivyoanza mwaka 1977 na kumalizika mwaka 1992. Barabara zilikatwa, na mabwana shamba hawakuweza kufika vijijini. Mdudu alisafiri bila kizuizi mahali ambapo mtu alizuiwa.

Swali la kwanza la watu wengi lilikuwa dawa. Kwa nini isipulizwe? Dawa ilijaribiwa, na jibu lilikuja haraka. Unga ule mweupe ni nta inayomkinga mdudu asilowe; ncha zilizojikunja ni handaki lake; na mwenye shamba la muhogo ni mtu ambaye mara nyingi hana fedha ya chumvi, seuze ya pampu na dawa. Tena majani yaliyopulizwa sumu ndiyo hayo hayo yanayochumwa jioni kwa mboga. Ilikuwa dhahiri kwamba anatakiwa askari mwingine, asiyedai posho na asiyetia sumu kwenye chungu.

Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto iliyoko Ibadan, Nigeria, ambayo hujulikana kwa herufi zake IITA, ilimpa kazi hiyo kijana wa Uswisi aitwaye Hans Rudolf Herren. Fikira yake ilikuwa rahisi, nayo ndiyo fikira ya kazi yote ya namna hii. Kama mdudu huyu ni balaa Afrika na si balaa kwao, basi huko kwao yuko anayemla. Atafutwe huyo. Ilichukua muda kumpata, kwa sababu haikujulikana kwao hasa ni wapi. Upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini watafiti waliona vidung'ata juu ya mihogo, wakafurahi, wakakusanya maadui wao. Lakini maadui hao walipopewa kidung'ata wa Afrika walimkataa. Wale walikuwa ndugu wa kidung'ata, si yeye mwenyewe. Kipimo hicho, ambacho kwa mtu mwenye haraka kingeonekana kuwa kupoteza wakati, kilionyesha jambo kubwa: adui anayefaa huchagua mawindo yake kwa namna ambayo hata mtaalam mwenye darubini anaweza kukosea.

Mwaka 1981 Anthony Bellotti wa taasisi ya CIAT ya Colombia alimwona kidung'ata mwenyewe nchini Paraguay. Pamoja naye alipatikana nyigu mdogo mwenye urefu usiofika milimita 2, ambaye wakati ule aliitwa Epidinocarsis lopezi na siku hizi huitwa Anagyrus lopezi. Hakuletwa Afrika moja kwa moja. Alipelekwa kwanza Uingereza akawekwa karantini, ili ihakikishwe kwamba hakubeba ugonjwa wala vimelea vyake mwenyewe, na kwamba hana hamu na viumbe wengine. Ndipo alipopelekwa Nigeria, na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1981 akaachiwa katika mashamba.

Yafaa ieleweke anavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye siri. Nyigu jike hutafuta muhogo ulioshambuliwa kwa harufu. Mmea wenyewe ukiumwa hutoa harufu tofauti, kana kwamba unapiga filimbi. Akimfikia kidung'ata humdunga na kumwekea yai tumboni. Yai huanguliwa, funza humla mwenyeji wake kwa ndani, na kidung'ata hukauka akawa ganda la rangi ya kahawia lililovimba kama punje. Baada ya siku chache ganda hutoboka, nyigu mpya akatoka. Hawaumi watu, hagusi nyuki, hali muhogo wala mahindi. Kidung'ata akipungua, naye hupungua. Kidung'ata akiongezeka, naye huongezeka. Hammalizi adui wake hata siku moja, kwani akimmaliza na yeye atakufa. Anamweka chini, kwenye idadi ambayo muhogo unaweza kuivumilia.

Nyigu huyo aliachiwa mahali pengi, pengine kwa kumwagwa kutoka ndegeni, na mwenyewe aliruka kutoka shamba hadi shamba bila kuomba ruhusa ya mpaka. Katika miaka ya 1990 alikuwa amekwisha kujenga makao katika nchi zaidi ya 20 za Afrika. Mchumi Richard Norgaard alikadiria mwaka 1988 kwamba kila dola 1 iliyotumika katika kazi hiyo ilileta faida ya dola 149. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Na kidung'ata yule yule alipovamia Thailand mwaka 2008, nyigu wa kumkabili walichukuliwa Benin mwaka uliofuata. Mara hii Afrika ndiyo iliyotoa msaada, jambo ambalo halitajwi mara nyingi kama inavyostahili.

Hapa panahitajika neno la tahadhari kwa wasikilizaji waliovaa sare. Katika vita vya maneno watu huitwa nyoka, panya na wadudu, na habari ya nyigu huweza kuchukuliwa na mwenye ulimi mwepesi akaigeuza mfano wa binadamu. Mfano huo ni wa uongo. Nyigu hana sheria, hana mahakama, hachukui mateka, wala hakuna kidung'ata anayeweza kujisalimisha. Askari anavyo vyote hivyo na anabanwa navyo. Habari ya mdudu ibaki habari ya mdudu.

Kwa upande mwingine, si kila mgeni aliyealikwa kula wadudu au takataka amekuwa na adabu za yule nyigu. Mtu wa Unguja au wa Dar es Salaam hahitaji kuvuka bahari ili apate ushahidi. Atazame juu ya paa. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha mji. Alisafisha kidogo, kisha akaanza kula mayai na makinda ya ndege wa nchi, vifaranga vya kuku na kila kilichoachwa wazi, akashuka pwani yote ya Afrika Mashariki hadi Msumbiji. Kampeni za kumpunguza zimefanyika mara kadhaa, na bado yuko. Alichaguliwa kwa sababu anakula kila kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake.

Kisa kingine kinaigusa pwani hii kwa njia isiyotazamiwa. Konokono mkubwa wa Afrika, yule anayeonekana kila msimu wa mvua chini ya migomba, ni mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki. Watu walimchukua wakampeleka visiwani na Asia, na alipofika visiwa vya Pasifiki alitafuna bustani za watu bila kiasi. Katika miaka ya 1950 wakuu wa Hawaii waliamua kumletea walaji. Konokono walao nyama walichukuliwa kutoka Kenya, na mwaka 1955 akaletwa mwingine kutoka Florida, aitwaye Euglandina rosea. Huyo wa Florida hakuona sababu ya kuhangaika na konokono mkubwa wa Afrika wakati visiwa vimejaa konokono wadogo, laini, wasiopatikana mahali pengine duniani. Alikula hao. Hata hivyo mwaka 1977 akapelekwa pia kisiwa cha Moorea, na katika muda wa miaka 10 tu konokono wa asili wa jamii ya Partula wakawa wamekwisha katika misitu ya kisiwa hicho. Konokono mkubwa wa Afrika hakutokomezwa na mlaji huyo. Australia nayo ilileta chura wa miwa mwaka 1935 ili ale mbawakawa wa miwa. Mbawakawa walibaki, na chura mwenye sumu bado anaendelea kuenea nchini humo.

Tofauti ya nyigu wa Paraguay na chura wa Australia haiko katika bahati. Iko katika lango. Mmoja alipimwa kwanza kama anakula kitu kimoja tu, akafungiwa, akaangaliwa, ndipo akafunguliwa. Mwingine alifunguliwa kwanza, akaangaliwa baadaye. Na hata lango likifanya kazi vizuri, matokeo hayawi sawa kila mara. Nyigu mdogo Cotesia flavipes, aliyechukuliwa Pakistan na kuachiwa na taasisi ya ICIPE katika pwani ya Kenya mwaka 1993, amepunguza yule funza wa kutoka Asia atobowaye mabua ya mahindi. Lakini dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wananchi walimwita Skania kwa jinsi alivyosaga mahindi kwa nguvu ya lori, ameletewa mbawakawa mlaji kutoka kwao na bado anasumbua ghalani. Mlaji yule hufanya kazi yake vizuri zaidi porini. Mwenye kuhifadhi makopa au mahindi bado hana budi kukausha, kusafisha ghala na kufunga vizuri, maana dumuzi hula makopa kama alavyo mahindi.

Turudi Mocímboa da Praia. Nyigu wa Paraguay si mgeni tena katika nchi hizi, na mkulima wa huko hatasubiri ndege imletee. Ila kuna mambo mawili yanayomdhoofisha, na yote mawili yapo pwani ile.

La kwanza ni mchanga. Watafiti wa Ibadan waligundua kwamba katika ardhi iliyochoka na yenye mchanga mtupu nyigu hafanyi kazi yake sawasawa, na sababu yake inashangaza. Nyigu jike hupima ukubwa wa kidung'ata kabla ya kutaga. Kwenye kidung'ata mkubwa huweka yai la jike. Kwenye mdogo huweka la dume. Muhogo uliokonda huzaa vidung'ata waliokonda, vidung'ata waliokonda huzaa nyigu madume, na madume hawatagi. Kwa hiyo jeshi la nyigu hukosa askari wa kesho. Dawa yake ni majani yaliyotandazwa chini ya mihogo na samadi kidogo ikipatikana, ili mmea upate nguvu. Shamba lililoachwa kwa miaka kadhaa lina faida moja katika msiba huo: ardhi imepumzika. Anayerudi na kuchoma vichaka vyote hadi majivu anaitupa faida hiyo siku ya kwanza. Akifyeka na kuacha majani chini, anainunua tena bila senti.

La pili ni vijiti vyenyewe. Watu waliokimbia wanaporudi hawana mbegu, na kila mmoja huchukua anapopata: kambini, kwa ndugu wa wilaya nyingine, ng'ambo ya Ruvuma. Mzigo wa vijiti hubeba kidung'ata, na hubeba jambo baya zaidi ambalo nyigu hana uwezo nalo hata kidogo, nalo ni magonjwa ya virusi. Batobato hukunja majani na kuyatia madoa ya njano. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao uliandikwa kwa mara ya kwanza katika Tanganyika ya miaka ya 1930 na ambao pwani ya kaskazini ya Msumbiji inaujua sana, ni mwizi wa kimya. Shina huweza kuonekana zima, mkulima akalima mwaka mzima, na siku ya kuchimba akakuta mizizi imeoza kwa ndani, ina mabaka ya kahawia magumu kama gome. Muhogo wa namna hiyo hauliki wala hauuziki. Hakuna mdudu wa kuagizwa atakayemponya mkulima huyo; kinga yake ni kijiti kilichotoka kwenye mmea safi wa aina inayostahimili.

Ndipo askari na polisi wanapoingia katika habari hii. Barabara ya kutoka Ruvuma kupitia Palma, na ile ya kutoka kusini kupitia Macomia na Awasse, zimekuwa na vizuizi vingi tangu vita vianze. Askari wa kizuizini huona kila mzigo. Hatakiwi kuwa bwana shamba, wala hatakiwi kumnyang'anya mama mzigo wake wa vijiti na kuutupa mtaroni. Akifanya hivyo amemnyima chakula cha mwaka ujao, na kesho mama huyo atapita njia ya porini. Anachoweza ni kujua tofauti. Vijiti vilivyokomaa, visivyo na majani wala ncha za kijani, haviwezi kuwa na vidung'ata wengi. Mzigo wenye ncha zilizojikunja na unga mweupe ni mzigo wa kumwonyesha bwana shamba wa wilaya, naye apewe nafasi ya kufika na kubadilisha vijiti, si kuvitaifisha. Na askari akiona juu ya ncha hizo wadudu waliokauka, wa kahawia, waliovimba kama punje, ajue kwamba hao ni nyigu waliomo njiani kuzaliwa. Kuchoma ncha hizo ni kuchoma askari wa upande wake.

Kambi zenye bustani nazo zina wajibu wao. Katika bustani ya kikosi dawa ya wadudu hupatikana kwa urahisi kuliko kwa mwanakijiji, na mkono wenye pampu una tabia ya kupuliza kila kitu kinachotambaa. Dawa hiyo humuua nyigu kabla ya kumuua kidung'ata, kwa kuwa nyigu hana nta ya kumkinga. Kikosi kinachopuliza mihogo yake kinaweza kuwatia hasara wanakijiji walio jirani nacho ambao hawakupuliza chochote.

Liko jambo moja lililo zito kuliko haya, nalo linawahusu polisi hasa. Katika majimbo ya Nampula na Cabo Delgado imewahi kutokea, zaidi ya mara moja, kwamba kipindupindu kilipoingia, uvumi ukaenea kwamba waliokuja kutia dawa kwenye visima ndio walioleta ugonjwa. Wahudumu wa afya walipigwa, na wengine wakauawa. Chanzo cha uvumi ule hakikuwa ujinga peke yake. Mtu mgeni alifika na gari, akamimina kitu asichokieleza katika maji ya watu ambao kwa muda mrefu hawakuwa wameelezwa jambo lolote na serikali, na baadaye watu wakafa. Aliyesikia hayo akayaunganisha kwa namna alivyoweza.

Sasa fikiria mtumishi wa kilimo anayefika katika kijiji kilichotoka vitani, amebeba kisanduku chenye matundu, ndani yake mna wadudu hai kutoka nchi ya mbali, na anataka kuwafungulia katika mashamba. Kizuizini atashukiwa kuwa mpelelezi. Kijijini atashukiwa kuwa mchawi au mleta njaa. Hata kama kila cheti cha karantini kimo mfukoni, cheti hakisomwi na mtu mwenye njaa na hofu. Lango la Uingereza na la Ibadan lilimpima nyigu. Lango la kijiji linampima anayemleta, na hilo halina maabara.

Linalofaa katika hali hiyo limekwisha kujulikana na watumishi wenye uzoefu. Kisanduku kifunguliwe mbele ya wazee na mbele ya wanawake, ambao ndio wanaolima, kabla ya kufunguliwa shambani. Yaelezwe yote kwa Kimwani na Kimakonde, si kwa Kireno cha ofisini. Ncha moja ya muhogo yenye vidung'ata na nyigu iwekwe ndani ya chupa yenye kitambaa mdomoni, ikae nyumbani kwa mzee wa kijiji majuma mawili matatu, kila mtu aone kwa macho yake ganda la kahawia likitoboka. Mkuu wa kituo cha polisi awepo siku ya kwanza, akiwa amekaa pamoja na watu na si amesimama nyuma yao na bunduki, kwa sababu kazi inayofanywa chini ya mtutu hufanana na kazi ya siri hata ikifanywa mchana. Na kizuizini apewe habari mapema, jina la mtumishi na siku ya safari yake, ili kisanduku kisikae juani saa 6 kikisubiri amri kutoka juu. Nyigu huyu ni mwepesi wa kufa kwa joto.

Haya yatahitajika tena, maana wageni wasioalikwa hawajaacha kuja. Mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika alionekana kwa mara ya kwanza Afrika Magharibi, na kufikia mwaka 2017 alikuwa ameingia Tanzania na Msumbiji, akila mahindi mchana na usiku. Jina lake limewakera baadhi ya wanajeshi, na si bila haki. Watafiti wamekwisha kuona nyigu kadhaa wa Afrika wanaomshambulia, na kazi ya kuwazalisha na kuwaachia imeanza katika nchi mbalimbali.

Kaskazini mwa Cabo Delgado mvua huanza kati ya Novemba na Desemba. Vijiti vya muhogo hukatwa kabla ya mvua hizo na kupandwa ardhi inapolowa. Katika majuma hayo ndipo baiskeli, malori na vichwa vya akina mama hupita vizuizini vikiwa vimebeba mafungu ya vijiti yaliyofungwa kwa kamba za miti, na ndipo askari wa zamu anapopata nafasi ya kuyatazama.